Neno Uliloniambia Mlangoni

Kemunto mwanangu,

Kuna jambo nimelificha kwa miaka mitatu, na wewe ni mmoja wa wale niliowaficha. Linahusu masikio yangu na Alhamisi ile ya Januari, uliposimama mlangoni mwa chumba chetu cha ushauri ukaniambia neno la mwisho kabla ya kushuka ngazi. Watu wote wa nyumbani wanaijua habari ya Alhamisi ile kama ulivyoisimulia wewe mwenyewe. Wanaisimulia hivyo mpaka leo, kwa huruma, mbele yangu, nami hutikisa kichwa. Habari hiyo si ya kweli. Ulikufa ukiiamini, na mimi nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chako.

Sina muda mwingi. Miguu imevimba, na usingizi siku hizi naupata nikiwa nimeketi kwenye kiti. Wiki iliyopita daktari wangu, kijana mpole, alisogeza kiti chake karibu, akaweka kalamu chini, akaniuliza kwanza mimi mwenyewe naelewa nini kuhusu hali yangu. Nilicheka. Hayo yote nimeyafundisha watu kwa miaka mingi: sogeza kiti, weka kalamu chini, uliza kwanza. Nikamwambia, "Daktari, umefanya vizuri. Sasa niambie." Akaniambia. Ndiyo maana naandika leo na sikungoja mvua iishe.

Nakuandikia kwa Kiswahili, na unajua kwa nini. Ndiyo iliyokuwa lugha ya chumba chetu. Watu walitujia kutoka Suneka, Nyacheki, Ikonge, wote wanaongea Ekegusii tangu alfajiri mpaka kulala, lakini mlango ukishafungwa mambo mazito yalitoka kwa Kiswahili, hata kwa wale waliokivunjavunja. Wewe ndiwe uliyeligundua hilo, hukuwa umemaliza hata mwezi. Uliniambia, "Mwalimu, kwa lugha ya nyumbani wanasema habari za ng'ombe. Kwa Kiswahili wanasema habari za kitanda." Nilikuwa nimefanya kazi ile miaka kumi na miwili na sikuwa nimeliona. Neno la aibu likisemwa kwa lugha ya shule ni kama limevaa sare. Linaweza kupita mbele za watu. Na mimi leo, kwa lugha yetu, nisingeweza kukuandikia hata mstari mmoja wa haya.

Nakumbuka siku uliyokuja. Ulipanda zile ngazi za nyuma ya duka la agroveti ukiwa umebeba cheti chako ndani ya bahasha ya plastiki, ukapiga chafya mara tatu kwa harufu ya dawa za mifugo, na jambo la kwanza uliloniuliza lilikuwa kama wateja wetu nao huwa wanapiga chafya hivyo. Nikasema huzoea. Ukasema, "Basi hata kabla hawajasema kitu, tayari wana machozi." Nikajua nitakuchukua.

Ulikuwa na haraka, Kemunto. Ulitaka kumponya kila mtu kabla ya saa sita mchana. Unamkumbuka yule mzee wa Nyacheki, aliyeletwa na mkewe kwa sababu alikuwa hali wala hasemi? Alipofika kwetu alisema, ila alisema habari za ng'ombe wake tu. Wiki ya kwanza ng'ombe, wiki ya pili ng'ombe, wiki ya tatu tukajua mpaka rangi ya kwato. Mimi nilikuwa nakaa pale pembeni kama mwalimu, nikikutazama unavyojizuia. Alipotoka ulinigeukia: "Mwalimu, huyu si wetu. Huyu ni wa pale chini, kwa agroveti." Nikakwambia umwache na ng'ombe wake, umfuate polepole. Wiki ya nne akasema kwamba aliyekuwa akimkamua ni mwanawe, yule aliyekufa kwa pikipiki, na kwamba tangu hapo ng'ombe anampiga teke kila mtu anayekaribia na ndoo. Akanyamaza. Wewe nawe ukanyamaza, na ulikuwa umejifunza kunyamaza bila kuangalia saa. Kisha ukasema kwa sauti ya chini, "Anamtafuta." Na mzee akasema, "Hata mimi."

Alilia siku ile mpaka watu wa agroveti wakapunguza redio. Na mimi pale pembeni nilijifanya naandika.

Kazi yetu ilikuwa hiyo. Sikuwahi kuwa na nyingine ya kukufundisha. Usimkimbilie mtu mbele. Usimwambie la kufanya, kwa maana akishindwa atakuchukia na akifaulu atakutegemea. Mrudishie neno lake mwenyewe alisikie. Na lile la mlangoni, ambalo ulilipenda kuliko yote: mtu akikaa saa nzima akizungumza habari za bonasi ya majani chai, kisha akainuka, akashika kitasa, akasema jambo dogo kwa sauti ndogo kama anayekumbuka mwavuli wake, mrudishe kitini. Hilo dogo ndilo lililompandisha ngazi. Uliliandika katika lile daftari lako la kijani.

Halafu Nyambane akaanza kuleta ndizi.

Ni mwana wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu darasa la tano, na hakuwahi kuniletea hata kikonyo cha ndizi ofisini mpaka ulipokuja wewe. Mara mkungu kila Jumatatu. Wewe ukawa unaniuliza, ukiwa umekaza uso, "Mwalimu, shamba lenu halina migomba mingine ya kuzaa siku nyingine ya wiki?" Nilijifanya sielewi. Mlipooana, kanisa lenu la Waadventista kule Ikonge lilijaa mpaka nje, na mimi nilikaa mbele kabisa, mahali pa baba.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza, na nataka kuliandika wazi, usije ukadhani kosa langu lilianza mlangoni.

Sisi washauri nasi huwa tuna mtu wa kutusikiliza. Huwezi kubeba vilio vya watu wiki nzima ukalala navyo. Tangu siku ya kwanza mtu wako nilikuwa mimi, kila Alhamisi saa tisa. Lakini ulipoolewa na Nyambane ulikuwa mke wa mwanangu, na kwetu mke wa mwana ni mtu wa ensoni, ile heshima iliyochanganyika na haya. Hamshikani mikono. Huingii nyumbani kwake. Mbele yake hutaji mwili wala kitanda wala ugonjwa wowote uliofunikwa na nguo, na yeye mbele yako ni vivyo hivyo. Hatukuyatunga sisi wawili. Tuliyakuta, na tuliyashika. Ulianza kuniita Tata, baba, siku ileile ya harusi, na ukaacha kunipa mkono.

Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: mshauri hamsikilizi mtu wa nyumbani kwake. Nilipaswa kukuhamisha. Mjini Nyamira kulikuwa na mama mmoja makini sana ambaye angekupokea kwa mikono miwili, na wewe mwenyewe ulimtaja. Nikakataa. Nilisema ni mbali. Ukweli ni kwamba ulikuwa mwanafunzi bora niliyewahi kupata, na sikutaka mtu mwingine ayasikie mawazo yako kabla yangu. Nilikuwa na kiburi nawe kama mtu alivyo na kiburi na shamba lake.

Wewe ulicheka tu. "Sasa Tata, utakalia kiti kipi? Cha mwalimu au cha baba mkwe?" Na mimi, kwa kujiona mjanja, nikavua kofia yangu, nikaitundika kwenye ule msumari wa nje, pale juu ya ngazi. Nikasema, "Baba mkwe namwacha hapa nje. Anayeingia ni mwalimu." Ulipenda mchezo ule. Miaka kumi na mitatu kila Alhamisi niliitundika kofia pale, na saa ilipokwisha wewe ulifungua mlango, ukaitoa msumarini, ukaniwekea juu ya meza, nami nikaivaa. Tukawa tena watu wa ensoni, ukashuka mbele mimi nyuma.

Ilifanya kazi, Kemunto, au nilidhani. Ulinieleza habari za wateja wako. Ulinieleza woga wako. Lakini sasa nikikumbuka, katika miaka yote ile hukunitajia hata mara moja habari ya mwili wako. Hata mimba ya Moraa niliijua kwa macho, na sikusema kitu. Baba mkwe hakuwa nje kwenye msumari. Alikuwa ameketi nasi.

Masikio yangu nayo wewe ndiwe uliyeyagundua. Nilikuwa nimeshaanza kupoteza sauti ndogo ndogo na nimelificha kwa ufundi, kwa sababu kazi yetu inamruhusu kiziwi kujificha kuliko kazi nyingine yoyote. Unainama mbele, unatikisa kichwa, unasema "mh." Watu wanatoka wakisema wamesikilizwa. Siku moja uliingia baada ya mteja kutoka, ukafunga mlango, ukasema, "Tata, yule kijana amekuuliza saa ngapi. Ukamwambia 'mh', ukamtazama kwa huruma kubwa." Ukajaribu kujizuia, ukashindwa, ukaketi chini kwa kicheko. Na mimi nikacheka mpaka nikakohoa. Wiki ileile ukanipeleka kwa wataalamu wa masikio. Tulipotoka nikiwa na kifaa changu sikioni, kelele za mji wa Kisii zikanivamia zote kwa pamoja, makanga, vipaza sauti, nyundo za mafundi wa majiko, na nyuma yangu nikakusikia ukimwambia Nyambane kwa sauti ya chini kabisa, "Anatembea kama amebeba trei ya mayai." Nikageuka nikasema nimesikia. Ulipiga makofi barabarani. Ukasema, "Haya Tata, sasa hutaweza kunikwepa."

Kifaa kilikuwa na tabia moja ambayo wote mliijua: nikivaa kofia kilipiga filimbi, maana ukingo wake ulikuwa ukikigusa. Kwa hiyo kabla ya kuvaa kofia nilikitoa sikioni nikakitia mfuko wa shati. Watu wa nyumbani walijua kwamba Tata akiwa na kofia hakuna haja ya kumsemesha.

Na hivyo ndivyo ulivyoisimulia Alhamisi ile. Ulimsimulia Nyambane mwezi wa nane, ulipoanguka kwenye majani chai na mkono wa kushoto ukiwa haunyanyuki tena. Ulimwambia kwamba tangu Krismasi ulijua una uvimbe kwenye titi. Kwamba uliogopa kwa sababu mama yako alikufa hivyo, na ulimwona. Kwamba ulikusanya nguvu siku moja tu, mwezi wa Januari, ukamwambia Tata mlangoni, mara mbili, lakini alikuwa ameshavaa kofia na kifaa kilikuwa mfukoni. Alikujibu, "Alhamisi basi, mwanangu." Na Alhamisi iliyofuata nguvu zilikuwa zimekwisha.

Nyambane aliniletea maneno hayo akilia. Hakuwa amekuja kunilaumu. Alisema, "Tata, usijilaumu. Yeye mwenyewe hakulaumu." Na mimi nilikuwa nimesimama pale uani nikiwa nimevaa kofia ileile, nikasema, "Kumbe." Neno moja. Mtu aliyefundisha wengine kuzungumza.

Miezi saba, Kemunto. Kati ya Januari na Agosti ulikuja kila Alhamisi. Niliona ulivyoanza kushika mkoba kwa mkono wa kulia tu. Niliona ulivyopinda kidogo ulipovaa koti. Nilikuuliza habari za wateja wako. Ulinijibu vizuri, na nilikusifu.

Hospitalini ulikuwa bado una mzaha. Ulimwambia muuguzi kwamba huyu mzee ni mshauri mkubwa, ukitaka kulia lia kwake, ila kwanza hakikisha hana kofia. Walicheka wodi nzima. Walipotoka ulinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu harusi yako ukanyoosha mkono, nami nikaushika. Sote wawili tulijua tunavunja nini. Ulikuwa mwepesi, mkavu, kama jani la mgomba la msimu uliopita. Ukasema, "Tata, sikutaka uniponye. Nilitaka mtu aniambie nenda." Ukasema pia, "Tulifundishana vibaya. Kuna siku ya kumwambia mtu nenda." Na mwisho ukasema lile ambalo ndilo linaloniua kuliko moyo huu uliochoka: "Siku ile hukuwa na kifaa. Si kosa lako. Ukilibeba hilo nitakuja kukusumbua."

Nilipaswa kusema pale. Mlango wa wodi ulikuwa umefungwa, Nyambane alikuwa ameenda kununua maji, ulikuwa umeshika mkono wangu. Nilifungua mdomo. Kisha nikainama mbele, nikatikisa kichwa, nikasema, "Mh."

Ulifumba macho. Ulidhani nimekubali kutolibeba.

Tulikuzika kule Ikonge, upande wa kushoto wa nyumba yako, mahali unapopata jua la asubuhi. Kwaya yenu iliimba mpaka sauti zikakatika. Yule mzee wa Nyacheki alikuja, ametembea kutoka barabara kuu na maziwa kwenye kibuyu, akauliza watu, "Yuko wapi yule mama aliyejua kunyamaza?" Wakamwonyesha jeneza. Mzee wa kanisa alisimama akanisifu mimi, wewe ukiwa pale umelala, eti nimesikiliza watu wa Kisii na Nyamira mpaka masikio yakachakaa kama soli ya kiatu. Waombolezaji wakaguna kwa huruma. Nyambane aliniwekea mkono begani. Nilitaka ardhi ifunguke mara ya pili.

Sasa nikueleze yaliyobadilika. Duka la agroveti limehama, chini wanauza simu, na wateja hawapigi chafya tena. Kiti chako anakikalia Bosibori, msichana wa Suneka, mwenye haraka kama yako na mcheshi kidogo tu, si kama wewe. Moraa yuko sekondari, ni mrefu kunizidi, na akicheka hufunika mdomo kwa mkono kama wewe ulivyokuwa ukifanya kanisani. Majani chai yako yaliota msitu mwaka wa kwanza, kisha Nyambane akayapogoa yote mwenyewe kwa wiki moja bila kusema na mtu, na sasa yanachumwa. Bado yuko peke yake. Anakuja kwangu kila Jumapili, ananiosha miguu kwa maji ya chumvi, na ananyamaza vizuri. Nadhani ulimfundisha.

Mimi ngazi zimenishinda tangu Machi. Kofia iko hapa juu ya kitanda. Kifaa kiko sikioni ninavyoandika, nasikia mvua kwenye mabati na mtu anayepasua kuni kwa jirani.

Mwaka jana Nyambane aliniletea daftari lako la kijani, akasema, "Hili ni la kazi yenu, Tata." Nilichukua mwezi mzima kulifungua. Ukurasa wa kwanza kabisa, kwa mwandiko wako wa ujana, umeandika: *Neno la mlangoni. Simama. Mrudishe. Keti.* Umepiga mstari chini yake mara mbili, na pembeni umeandika jina langu, kama mtu anayeandika alikoipata mbegu.

Nakuahidi mambo mawili, na ninayaahidi nikiwa bado na nguvu za kuyatimiza. Jumapili hii, Nyambane akimaliza kunikausha miguu, nitampa barua hii aisome mbele yangu, nami sitafumba macho wala sitavaa kofia. Akiamua kutokuja tena, atakuwa na haki. Na Bosibori nitamwita hapa, nimwambie atafute mtu mwingine wa kumsikiliza, asiwe mtu wa ukoo wake, na nimwambie kwamba ipo siku ya kumwambia mtu nenda. Nitamwambia nimejifunza kwako.

Lala salama, mwanangu. Sikuombi unisamehe, kwa kuwa ulishanisamehe kosa ambalo silo. Kama ulivyoahidi kunisumbua, njoo.

Sasa nifike mlangoni.

Saa ilikuwa imekwisha. Ulifungua mlango, ukatoa kofia msumarini, ukaiweka mezani, nami nikaivaa. Mawingu yalikuwa yameshaziba mlima na nilikuwa na haraka ya kuwahi nyumbani, kwa hiyo sikukitoa kifaa. Kilikuwa sikioni, chini ya ukingo wa kofia, na siku ile kwa bahati hakikupiga filimbi. Betri nilikuwa nimeibadilisha asubuhi. Ulishika kitasa ukiwa umenipa bega. Ukasema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa lugha yetu neno lile lisingetoka kinywani mwa mke wa mwana, "Tata, nina uvimbe kwenye titi. Sijamwambia mtu." Ulisema polepole. Nilisikia kila silabi. Nilisikia hata ulivyomeza mate.

Nimejitetea kwa kofia ile miaka mitatu. Nimejiambia ilikuwa imeshakaa kichwani, kwamba aliyesikia ni baba mkwe na baba mkwe hana ruhusa ya kusikia. Lakini hata baba mkwe huwa na mwanamke wa nyumbani wa kumtuma. Hata baba mkwe anaweza kusema, "Nenda hospitali." Ni maneno mawili.

Uligeuka. Uliona sijajibu. Nikaona unavuta pumzi ili urudie kwa sauti kubwa zaidi, na nikajua ukirudia sitakuwa na pa kujificha. Nikainua mkono kama mtu anayenyoosha kofia yake. Kidole kikapita chini ya ukingo, kikakipata kitufe. Kifaa kikatoa ule mlio wake mdogo wa kuzimika, ambao hakuna mwingine anayeusikia. Midomo yako ikasogea mara ya pili, bila sauti.

Ndipo nikasema, "Alhamisi basi, mwanangu."

Nilikuwa nimekusikia, Kemunto. Nilikizima mimi.